Mama kabadilishwa nyonga, goti la pili limesagika, anataka baiskeli ya umeme. Tuchague ipi kwa milima hii ya Mbeya?

#1 Kijana_wa_Uyole
Wakuu habari. Naombeni mawazo ya wanaozijua baiskeli za umeme, sio pikipiki, namaanisha zile zenye pedeli halafu mota inakusaidia.

Mama yangu ana miaka 66, mwalimu mstaafu, anaishi Uyole. Miaka yake yote ya kufundisha alikua anaenda shule na Phoenix, ndo baiskeli iliyotusomesha. Mwaka jana alibadilishwa nyonga ya kulia huko Dar, saivi ni mwezi wa 11 tangu upasuaji, daktari kamruhusu baiskeli ila kamwambia kitu kimoja tu, asianguke. Goti la kushoto limesagika na halijafanyiwa kitu. Akienda mbali anatembea na fimbo.

Bajaji hataki. Anasema amechoka kuomba kila akitaka kutoka, anataka atoke mwenyewe arudi mwenyewe. Safari zake ni kanisani, sokoni Uyole na kishamba chake cha viazi upande wa Igawilo, kama kilomita 6 kwenda, na mnaoijua ile barabara ya Tukuyu mnajua ukishatoka Uyole ni kupanda tu.

Nimeona za aina tatu. Ya kwanza mtumba wa Kijapani, fremu imeinama chini kabisa, betri ndogo. Ya pili mpya ya Kichina, tairi nene, 48V 15Ah, mota 750W, ina eksileta. Ya tatu ni ya tairi tatu na kapu nyuma. Roho yangu iko kwenye ya pili kwa sababu ya mlima. Nyie mnasemaje?

#2 Sokomatola70
Pole kwa mama. Chukua ya pili, mlima hautaki huruma. Mota kubwa betri kubwa, mengine utajua mbele.

#3 Kyela_Mchele
Mhamishie Kyela mkuu, huku tuko mita kama 500 tu kutoka usawa wa bahari, tambarare mpaka ziwani, atapanda Phoenix yake ya zamani na atakula mchele mzuri juu 😀

#4 Fundi_Spoku
Mi ni fundi baiskeli hapa Mafiati, na hizi za umeme zimeanza kuletwa kwangu kidogo kidogo. Kijana, umeanza na mota. Anza na mguu wa mama. Swali la kwanza ni je anaweza kuinua mguu wa kulia kiasi gani kutoka chini akiwa amesimama kwa mguu wa kushoto, ambao goti lake ndo bovu? Maana baiskeli ambayo hawezi kuipanda na kuishuka mwenyewe, hata iwe na mota ya treni, itakaa ukumbini ikifunikwa shuka.

Chukua matofali ya kuchoma, yapange, mwambie apitishe mguu juu huku ameshika ukuta. Anapoishia hapo ndo kimo cha fremu yako. Hizo za tairi nene nyingi bomba la katikati liko juu na baiskeli yenyewe inafika kilo 30 na zaidi. Ikimlalia pembeni hatoiweza.

#5 Kijana_wa_Uyole
Fundi asante sana, hilo la matofali sikuliwaza kabisa. Kesho nampima.

#6 Mzee_wa_Ipogolo
Kamwene wote. Naandika nikiwa Iringa, nina miaka 61, magoti yote mawili yamesagika, sijafanyiwa upasuaji. Nina baiskeli ya umeme mwezi wa nne sasa, ya Kichina, mota iko kwenye habu ya nyuma, yaani katikati ya gurudumu. Wanaoijua Iringa wanajua mlima wa Ipogolo kupanda mjini, malori yenyewe yanalia. Nilinunua kwa ajili ya ule mlima tu.

Nasema ukweli wangu: mlima napanda, lakini goti la kulia linauma kuliko kabla sijanunua. Jioni linavimba. Kwa hiyo kijana usidhani ukishanunua umemaliza. Na mimi naomba nisaidiwe hapo hapo, kwa nini chombo kilichonipunguzia kazi kinaniongezea maumivu?

#7 Chai_ya_Tukuyu
Baridi hiyo mzee. Iringa upepo, asubuhi unashuka Ipogolo magoti wazi, upepo unaingia kwenye mfupa. Vaa suruali nzito au funga kitambaa cha sufu. Bibi yangu Tukuyu mvua ikikaribia anajua kabla ya redio.

#8 Sokomatola70
Mi nadhani siti yako iko chini. Watu wazima wote wanashusha siti ili miguu yote ikanyage chini, halafu goti linakunjwa kama mtu anachuchumaa kila pedeli inapopanda.

#9 Fundi_Spoku
#8 uko sahihi nusu. Mzee, unatumia gia gani kwenye mlima? Nimewaona wengi, wakishapata mota wanaacha kubadilisha gia, wanabaki kwenye gia nzito ya tambarare mlima mzima. Mota inasukuma, lakini goti nalo linabanwa kila mzunguko. Gia nyepesi, miguu izunguke haraka haraka bila kukandamiza, hiyo ndo dawa ya mlima uwe na mota usiwe nayo.

#10 Mzee_wa_Ipogolo
Gia ni moja tu, haina kubadilisha. Siti kweli iko chini, lakini nikiipandisha sifiki chini nikisimama, na kwenye mlima ule malori yanakupita hapa begani, lazima niweze kukanyaga chini muda wowote.

#11 Tiba_Mazoezi
Habari zenu. Kazi yangu ni mazoezi tiba, niko huku huku nyanda za juu. Sijamuona mama wala mzee kwa hiyo nasema ya jumla, ya mwilini mwao wawaulize waliowatibu.

Mzee amegusa tatizo lenyewe ambalo wauzaji hawaligusi. Goti linataka siti ya juu. Pedeli ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo tu, tunasema digrii 25 mpaka 35. Usalama unataka siti ya chini ili ukanyage. Mtu mzima mwenye goti bovu anavutwa na vitu hivyo viwili kila siku, na mota haiondoi hilo.

Kwa goti: ili pedeli izunguke duara zima kwenye baiskeli ya kawaida, goti linatakiwa likunjike karibu digrii 110. Wengi waliobadilishwa goti hawafiki hapo miezi ya mwanzo, na wenye kusagika sana hawafiki kabisa. Akilazimisha, nyonga inanyanyuka pembeni, mgongo unapinda, na maumivu yanahamia kwingine.

Kwa nyonga: wiki za mwanzo wengi huambiwa wasikunje nyonga kupita digrii 90, inategemea daktari alipitia upande gani. Mama yuko mwezi wa 11 na ameruhusiwa, sawa. Ila usukani uwe juu na karibu, asiinamie mbele kama mkimbiaji.

#12 Fundi_Spoku
Na kuna njia ya katikati ambayo haigharimu sana. Kranki fupi, yaani ule mkono unaoshika pedeli. Nyingi zinakuja na kranki ya milimita 170. Ukiweka ya 150, siti unaipandisha sentimita 2 ili chini mguu unyooke vile vile, na juu pedeli inapungua kimo kwa sentimita 4 nzima ukipima kutoka kwenye siti, kwa hiyo goti halikunjiki sana. Sentimita 4 kwa goti lililosagika ni mbali sana. Kranki za namna hiyo zinatoka kwenye baiskeli za watoto wakubwa, nimeshabadilisha mara mbili. Shida ni kwamba lazima shimo lake likubaliane na shafti yako. Zenye mota kwenye habu kwa kawaida shafti ni ya mraba ya kawaida, rahisi. Zenye mota katikati penye kranki inakua kazi kidogo.

#13 Mzee_wa_Ipogolo
Ila fundi si umesema siti inapanda tena? Mimi ndo nasema sifiki chini.

#14 Fundi_Spoku
Kweli mzee. Goti litapona, chini hutafika. Hapo sina jibu moja.

#15 Utrecht_Baridi
Mi niko Uholanzi, kwetu ni Vwawa. Huku wazee wa miaka 80 wanapanda hizi kila siku, na nilichoona ni kwamba zipo baiskeli ambazo pedeli zimesogezwa mbele badala ya kuwa chini ya siti. Mguu unanyooka kwa mbele, siti inabaki chini, unakanyaga chini kwa nyayo nzima. Zipo pia zenye nguzo ya siti inayoshuka ukibonyeza kitufe, unasimama inashuka, ukianza kuendesha inapanda. Sijui kama zinafika huko kwenye mitumba ila mkiziona msiziache.

Na sheria ya Ulaya ni mota isizidi 250W na inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Watu wanadhani 250W ni ndogo lakini ikiwa katikati na inatumia gia, inapanda mlima vizuri kuliko 500W ya kwenye habu isiyo na gia.

#16 Sokomatola70
#15 hapo sikubali kaka. Wati ni wati. 750 ni mara tatu ya 250, hesabu ya darasa la tatu.

#17 Utrecht_Baridi
Wati ni wati, lakini mota ya kwenye habu inazunguka na tairi. Mlima ukikali tairi linazunguka polepole, na mota nayo inazunguka polepole, hapo inakula umeme mwingi na kugeuza mwingine kuwa joto. Ya katikati unashusha gia, yenyewe inaendelea kuzunguka haraka. Ni kama gari kupanda Kitonga kwa gia ya nne au ya pili, injini ni ile ile.

#18 Fundi_Spoku
Nimeshafungua mota ya habu ambayo nyaya zake ziliungua. Mwenyewe alikua anapanda kutoka Mwanjelwa mpaka Uhindini na mzigo wa unga kila siku. Kwa hiyo Utrecht anasema kweli. Ila niongeze upande wa pili: mota ya habu ikifa, baiskeli bado ni baiskeli, na hapa Mbeya tunaweza kuifungua. Ya katikati ikifa, cheni na kranki vyote vinapita humo humo, na spea utasubiri mpaka uchoke. Mama anaishi Uyole haishi Utrecht.

#19 Nyanyachungu
Samahani nyote mmezungumza magoti, mimi nina mikono. Niko Iringa Kihesa, nina yabisi ile ambayo kinga ya mwili inajishambulia yenyewe, vidole vimepinda. Nilinunua yenye eksileta ya kubonyeza kwa dole gumba, nikadhani ndo rahisi. Baada ya nusu saa dole gumba linawaka moto. Ya kuzungusha kama ya pikipiki nayo inatesa kifundo cha mkono. Na breki za waya zilikua ngumu, siku moja nashuka kuelekea Mlandege nikabana kwa mikono yote miwili na bado haikusimama vizuri, nikaingia kwenye majani. Sikuumia ila niliogopa mwezi mzima.

Saivi nina breki za disk za mafuta. Nabana kwa vidole viwili inasimama. Dada, kaka, yeyote mwenye vidole vibovu, hiyo ndo iwe ya kwanza kuulizia kabla ya betri. Kijana, mama mikono yake ikoje?

#20 Kijana_wa_Uyole
Pole sana dada Nyanyachungu. Mama mikono iko sawa ila asubuhi vidole vinakua vigumu mpaka anywe chai ashike kikombe cha moto. Sikuwahi kufikiria ni jambo la kuuliza.

#21 Chai_ya_Tukuyu
Hizo breki za mafuta zikiisha mafuta anaweka nani? Huku Tukuyu matope na mvua karibu mwaka mzima, ukiniletea kitu cha mafuta kwenye baiskeli nakimbia.

#22 Sokomatola70
Mafuta ya breki yapo kila duka la pikipiki.

#23 Fundi_Spoku
#22 HAPANA. Msimfanyie mama wa watu hivyo. Breki nyingi za baiskeli, mfano za Shimano, zinatumia mafuta ya madini, sio yale ya gari na pikipiki. Ukiweka ya pikipiki yanakula mipira ya ndani na breki inakufa, na itakufia kwenye mteremko sio kwenye tambarare. Soma kilichoandikwa kwenye mkono wa breki.

#24 Sokomatola70
Sawa fundi nimeelewa, hiyo sikuijua. Nafuta kauli.

#25 Tiba_Mazoezi
Nirudi kwenye maumivu ya mzee #6 maana naona yameachwa. Kuna kitu kingine: mota yako inaanzaje? Kuna zinazoanza ukizungusha pedeli tu, zinahesabu mzunguko, na kuna zinazopima unavyokandamiza. Zinazohesabu mzunguko nyingi zinachelewa, kwa hiyo robo au nusu duara ya kwanza, ukiwa umesimama mlimani, unaisukuma kwa goti peke yako pamoja na uzito wa baiskeli nzima. Halafu mota inaruka ghafla. Mara kumi kwa safari moja, hiyo inatosha kuvimbisha.

#26 Mzee_wa_Ipogolo
Hivyo hivyo! Inaruka. Eksileta ninayo lakini nilikua naona ni ya wavivu.

#27 Tiba_Mazoezi
Mzee tumia eksileta kuanzia tu, ikishatembea endelea na pedeli. Pedeli nyepesi bila kishindo ni nzuri kwa goti la kusagika, kukaa bila kulizungusha ndo kubaya. Lakini goti linalovimba jioni limepewa kazi zaidi ya uwezo wake wa siku hiyo. Punguza kwanza safari, kisha ongeza polepole.

#28 Utrecht_Baridi
Na mimi kwa mama ningechagua inayopima ukandamizaji, ni laini, hairuki.

#29 Tiba_Mazoezi
Hapo mi naenda tofauti kidogo. Inayopima ukandamizaji inakupa kadri unavyotoa. Mama mguu mmoja una goti bovu, mwingine nyonga ya chuma. Siku goti linauma atakandamiza kidogo, na mota itampa kidogo siku ile ile anayohitaji nyingi. Kwa watu wengine laini ni bora, kwa wengine ile ya kuhesabu yenye eksileta ni bora. Ajaribu zote mbili kabla hajalipa hata shilingi.

#30 Livingstone_Umande
Nasalimu kutoka Njombe. Mmesahau betri na baridi. Mwezi wa sita na wa saba huku asubuhi mikono inakufa. Mimi betri yangu naingiza ndani kulala nayo chumba kimoja, mke wangu ananicheka. Betri ikilala nje kwenye baridi asubuhi inakupa umbali pungufu, ikipata joto inarudi. Na za lithiamu msichaji zikiwa zimeganda kwenye digrii sifuri kushuka chini, zinaharibika kwa ndani. Wa Makete na Kitulo ambako umande unaganda hilo linawahusu kabisa.

Kwa hiyo betri iwe ya kuchomoka, na mama aweze kuibeba. Zile zinazotumia betri nne za risasi za 12V, kila moja ya 12Ah ni kama kilo 4, jumla kilo 16. Mama wa nyonga mpya abebe kilo 16 kupandisha ngazi? Lithiamu ya nguvu hiyo hiyo ni kilo 4 tu na kidogo.

#31 Kyela_Mchele
Kulala na betri 😀 Huku Kyela betri ndo inatafuta kivuli.

#32 Kijana_wa_Uyole
Swali la hesabu wakuu. Hiyo ya Kijapani betri ni kama 25V na 16Ah. Itamfikisha shambani na kurudi kweli?

#33 Livingstone_Umande
Zidisha volti kwa Ah. 25 mara 16 ni wati saa 400. Ile ya Kichina 48 mara 15 ni 720. Mlima unakula hivi: mama na baiskeli na kikapu tuseme kilo 100, kila mita 100 za kwenda JUU ni kama wati saa 27, weka upotevu wa mota ifike 40. Hiyo ni mota ikifanya yote peke yake, na mama naye anasaidia kidogo. Sasa kupanda kwake kwote hakufiki mita 1000, kwa hiyo hata 400 inamfikisha na kurudi ni mteremko. Betri kubwa unailipia kwa hela na kwa kilo.

Na ya LUKU msiogope, kujaza 400 ni chini ya nusu uniti.

#34 Chai_ya_Tukuyu
Nusu uniti! Pasi ya mke wangu inacheka.

#35 Bwana_Kontena
Mimi nilishauza hizo za Kijapani, nimeacha. Niwaambie kitu kitakachowaokoa hela. Zimetengenezwa kwa ajili ya akina mama wa Japani kubeba watoto, fremu inapita chini kabisa, mota iko katikati, zina taa na kinga ya sketi. Ni nzuri kuliko mnavyodhani, na Yamaha ndo alianza kuziuza 1993, kwa hiyo wamezijua siku nyingi.

LAKINI. Umeme wa Japani ni volti 100. Chaja yake ukiichomeka kwenye ukuta wetu wa 230 bila kusoma nyuma imeandikwa nini, unasikia PA na moshi. Mteja wangu mmoja alinirudishia chaja tatu. Na betri hizo zinaongea na chaja yake, huwezi kuchukua chaja yoyote ya kariakoo ukatia. Kwa hiyo ukinunua, uwe na kishusha umeme cha kwenda 100, chenye nguvu ya kutosha, na ujaribu betri hapo hapo dukani kwa kupanda mlima, sio kwa kuangalia taa. Betri za mtumba nyingi zimekaa miaka, taa zinawaka zote nne halafu kilomita 3 zimezima.

#36 Kijana_wa_Uyole
Duh. Bwana Kontena umeniokoa. Muuzaji aliniambia "inachajika popote".

#37 Sokomatola70
Ndo maana nilisema mpya 😀

#38 Dada_wa_Mbalizi
Mbona hamjaongelea ya tairi tatu? Mama asianguke, si ndo daktari kasema? Baba yangu baada ya kiharusi alipewa ya tairi tatu na mpaka leo anaenda nayo dukani Mbalizi. Anasimama amekaa, hagusi chini, anashika mkoba wake vizuri. Siti unaiweka juu goti linavyotaka kwa sababu hahitaji kukanyaga. Mzee wa Ipogolo si ndo jibu lako hilo?

#39 Mzee_wa_Ipogolo
Binti umenigusa. Sikuliwaza.

#40 Fundi_Spoku
Ni jibu kwa sehemu. Ya tairi tatu hailali kwenye kona. Mtu aliyezoea tairi mbili anaingia kona kwa kulala, yenyewe inabaki imesimama na inataka kumtupa nje. Kwenye mteremko ukakata kona kwa kasi, tairi la ndani linanyanyuka. Na barabara zetu pembeni zimelala kuelekea mtaroni, kwa hiyo mwendo mzima unavutwa upande mmoja na unashikilia usukani kwa nguvu. Halafu upana wake na malori ya Tunduma pale Uyole... kwa sokoni na kanisani sawa. Kwa Igawilo roho inadunda.

#41 Dada_wa_Mbalizi
Baba hushuka mteremko akiwa ameshika breki muda wote, polepole kama mtu mwenye mayai. Hajawahi kupinduka.

#42 Kyela_Mchele
Ya tairi tatu yenye kapu si ndo guta? Mama atapata abiria wa magunia ya viazi.

#43 Dada_wa_Mbalizi
#42 mwache mama wa watu. Na kubeba viazi vyake mwenyewe ni heshima.

#44 Kyela_Mchele
Kweli dada, samahani. Natania tu, mama namtakia afya.

#45 Kijana_wa_Uyole
Mrejesho. Nimempima na matofali. Akisimama kwa mguu wa kushoto, goti bovu, akainua wa kulia: matofali mawili tu ndo anapita bila kushika ukuta. Akisimama kwa wa kulia, nyonga mpya, akainua wa kushoto: matofali matatu. Ameshangaa mwenyewe, kumbe mguu ambao anauogopa ndo unaombeba. Ya tairi nene tumeifuta, bomba lake linapita matofali manne.

Sasa swali, apande kwa upande gani? Zamani alikua anapandia kushoto kama wote.

#46 Tiba_Mazoezi
Kwenye ngazi tunawafundisha mguu mzima utangulie kupanda, mgonjwa utangulie kushuka. Kwa baiskeli ningesema asimame kwa mguu unaombeba, wa kulia, apitishe wa kushoto. Maana yake apandie upande wa kulia, ailaze baiskeli kidogo kwake, ashike breki zote mbili.

#47 Nyanyachungu
Mimi nafanya kinyume, naupitisha ule imara kwa sababu ule mbovu haunyanyuki nikiwa nimechoka. Na nimezoea. Kubadilisha upande uliouzoea miaka 40 ndo nilikaribia kudondoka.

#48 Fundi_Spoku
Apandie kibarazani. Ngazi moja ya nyumbani inampunguzia matofali mawili. Tatizo ni kule shambani.

#49 Dada_wa_Mbalizi
Shambani wamjengee kibaraza cha udongo pembeni ya njia, kazi ya nusu siku.

#50 Tiba_Mazoezi
Kitu kingine, kama bado anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aulize daktari kabla, mtu huyo akianguka anavuja damu kwa ndani kirahisi. Na helmeti hata kwa safari ya sokoni.

#51 Kijana_wa_Uyole
Alishamaliza dawa hizo, nitahakikisha tena. Helmeti amekubali baada ya kuambiwa avae juu ya kitambaa.

#52 Mzee_wa_Ipogolo
Mrejesho na wangu. Fundi mmoja hapa Mlandege kaniwekea kranki fupi na siti imepanda kidogo, naanza na eksileta. Siku ya tano leo, uvimbe umepungua. Ila pia wiki hii baridi imepungua na nimeenda mjini mara mbili tu badala ya sita, kwa hiyo sijui nimshukuru nani. Chini nafika kwa ncha ya kiatu.

#53 Chai_ya_Tukuyu
Baridi nilisema mimi!

#54 Sokomatola70
Siti nilisema mimi.

#55 Tiba_Mazoezi
Mara mbili badala ya sita, mimi naweka kura hapo 😀 Hongera mzee, ndaga fijo kwa mrejesho.

#56 Kijana_wa_Uyole
Wakuu Jumamosi tunaenda kujaribu. Ya Kijapani na ya tairi tatu, zote mbili, mlima ule wa kutoka njia panda. Bwana Kontena, hicho kishusha umeme kiwe cha wati ngapi? Chaja nyuma imeandikwa 100V na 2.2A.

#57 Bwana_Kontena
100 mara 2.2 ni 220. Usichukue cha 220, chukua cha 500 kisichemke. Na mwambie muuzaji aichaji mbele yenu ukiwa umeweka mkono juu yake.

#58 Nyanyachungu
Tuletee picha mama akiwa amepanda, hata akiwa amesimama tu.